Nyumba Isiyo na Harufu

Kwetu vitunguu vilikaangwa nje. Inyeshe mvua au liwake jua, mama alibeba jiko lake hadi nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake na kuinama pale na sufuria. Vitunguu saumu havikupita getini kabisa. Sabuni yetu ya kufulia ilikuwa ile ya mche isiyo na manukato, ambayo mwenye duka alituwekea sisi peke yetu kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Marashi, dawa ya mbu ya kupuliza, rangi ya kucha, mafuta ya nywele yenye harufu ya matunda, vyote hivyo tulivijua kwa majirani, vikiingia dirishani kwa bahati mbaya kabla mama hajakimbia kulifunga.

Chanzo cha yote hayo ni pua ya baba.

Baba ni mwonjaji wa chai. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani ni kazi ya kujinyoosha kwenye kochi na kikombe na biskuti. Wangemwona akirudi jioni, ulimi umekauka kama ngozi ya zamani, wasingecheka. Majani yakifika kiwandani kutoka mashambani, huchotwa kidogo kutoka kila mzigo, yakatiwa maji ya moto na kupangwa kwenye meza ndefu katika vikombe vyeupe visivyo na vishikio. Baba hupita na kijiko. Anachota, anavuta kwa kelele ambayo mtoto angepigwa kofi kwa kuifanya mezani, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo yenye magurudumu, anasema neno moja, anasogea kwenye kikombe kinachofuata. Hamezi kamwe.

Maneno hayo aliyatunga mwenyewe na kiwanda kizima kikayazoea. Chai nzito "ina kifua." Iliyokaa sana ghalani "imezubaa." Ile ya milimani iliyochumwa kwenye baridi ya asubuhi "imeamka," na iliyokaushwa kwa moto wa haraka "imebabuka." Na kwa kuwa chai hunyonya harufu ya chochote kinacholala karibu nayo, baba aliwahi kukataa mzigo wa lori zima akisema kuna sabuni ndani yake. Dereva aliapa kwa kila kitu anachokiamini, jasho likimtoka, kisha akakiri kwamba safari iliyotangulia alibeba sabuni.

Maneno ya kazini alirudi nayo nyumbani. Mchumba wangu wa kwanza alipokuja kujitambulisha, baba alizungumza naye kwa adabu, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akivua viatu na kusema, "Amezubaa." Nilimnunia wiki nzima. Alikuwa amesema kweli, lakini si kila kweli baba anamtupia binti yake hivyo.

Mimi ni msusi. Hebu fikiria, binti wa mtu kama huyo, kati ya kazi zote duniani, nikachagua ile ya kushinda kwenye dawa za nywele na mafuta ya nazi. Mama alisema nilifanya makusudi, na sikumbishia. Jioni nilipitia bombani kabla ya kuingia ndani, nikanawa hadi mabegani, nikabadilisha nguo kwenye stoo ya uani. Stoo hiyo ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya kwetu iliyonuka kitu. Mafuta ya taa, viatu vya zamani, nguo zangu za kazi, kila kilichofukuzwa ndani kiliishia humo.

Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililonikera kuliko sheria zenyewe. Mama mkubwa, dada yake, ndiye aliyenisimulia kwamba mama aliolewa akiwa na kichupa cha mafuta ya yasmini, akijipaka shingoni na nyuma ya masikio. Kabla wiki ya kwanza haijaisha, baba alimkalisha akamwambia kwa upole, "Mke wangu, hii pua ndiyo itakayotulisha." Mama akakifunga kichupa, akakipeleka kwa dada yake, na shingo yake haikuyaona mafuta hayo tena.

Basi tuliishi hivyo mpaka mama alipougua mapafu.

Homa ilimpanda ghafla, kifua kikambana, akawa anahema kama aliyepanda mlima na hali amelala. Daktari alimpa sindano na vidonge, na akasema tumchue kifua na mgongo kwa dawa yenye kafuri, asubuhi na jioni, na tumvalishe vizuri. Mama alivaa sweta yake ya kijani, ile iliyolegea mikono, na mimi nikamchua. Ile dawa ilikuwa kali hata macho yangu yalitoa machozi, na mimi nimezoea kemikali.

Baba alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni mwa chumba, akashika pua. Ilikuwa msimu wa chai mpya, mizigo inaingia kila siku. Alizunguka sebuleni kwa muda, nikamsikia akifungua kabati, na alipotoka alikuwa na begi dogo mkononi.

"Nitalala nyumba ya wageni karibu na kiwanda," aliniambia. "Ni kwa siku chache tu. Wewe upo naye, binti yangu. Wewe unajua kumtunza kuliko mimi."

"Baba, mama anaumwa sana."

"Najua. Ndiyo maana nasema wewe upo."

Mtu anaweza kukuacha mdomo wazi kwa kusema jambo baya kwa sauti nzuri.

Usiku homa ilipopanda, mama alikuwa ananiuliza, "Baba yako yuko wapi?" Nikamwambia yuko kazini. Akauliza tena, na nikajibu vile vile. Baba alipiga simu kila siku, siwezi kumnyima hilo. Aliuliza kama mama amekula, kama homa imeshuka. Na siku mama alipoanza kukaa kitandani bila kuegemea mto, baba akasema, "Basi narudi kesho. Mwambie mama yako vitu vyote vyenye ile dawa vitoke ndani." Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akainuka mwenyewe, akavua sweta, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo, akanipa niupeleke stoo. Nilitaka kukataa. Akanitazama tu, nikaupeleka.

Kesho yake baba aliingia, akaja moja kwa moja chumbani. Mama alikuwa ameketi amechana nywele, amekonda, anamsubiri. Baba akasimama pale pale mlangoni, akavuta hewa, kama anavyovuta juu ya kikombe.

"Bado ipo kidogo," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Pole ilikuja baadaye, na matunda yalikuja, na aliketi pembeni mwa kitanda akamshika mkono. Lakini nilimwona mama usoni wakati neno lile linaingia, na nilijua matunda hayo yamechelewa.

Alipopata nguvu ya kutembea hadi kituo cha basi, mama alifungasha nguo zake chache na kusema anakwenda kwa dada yake. Baba akadhani ni mapumziko. "Hewa ya kule itamfaa," aliwaambia majirani. Nikamwacha ajidanganye. Siku zikaenda, akawa anauliza mezani, huku akisukuma pembeni chakula nilichompikia, "Mama yako hajasema anarudi lini?" Nikamwambia amwulize mwenyewe. Alimwuliza kwa simu, na mama alimjibu kwa upole kabisa kwamba hajui kama atarudi. Siku hiyo uso ulimshuka baba, na haukupanda tena.

Kuhusu yaliyotokea kiwandani baada ya hapo, nilihadithiwa na mama wa birika. Huyo ndiye anayechemsha maji na kuosha vikombe kwenye chumba cha kuonjea, na ni mteja wangu wa kusuka. Ukimshika kichwa tu, mdomo unafunguka.

Alisema meneja mpya ameamua kuwa watu hawataki tena chai ya rangi peke yake, wanataka chai zenye ladha za kuongezwa. Yakaletwa makopo ya majani yaliyonyunyiziwa kila aina ya kitu, na baba akapangiwa meza yake kama kawaida.

"Nilijua leo kuna kazi," alisema mama wa birika, shingo imepinda mikononi mwangu. "Chumba kizima kinanuka duka la peremende! Baba yako akanitazama kama mimi ndiye niliyekojoa humo."

Akaanza na vanila. Akavuta, akatema. "Hii ni keki ya harusi ya mtu nisiyemjua." Ya stroberi akasema ni peremende iliyoyeyuka mfukoni mwa mtoto wa shule. Ya moshi ilimfanya ageuke nyuma na kuuliza nani amesahau sufuria jikoni. Kwa ndimu alisita, akavuta mara mbili, akasema ndimu yenyewe haina tatizo, ila imewekwa hapo kuificha chai iliyozubaa, na meneja akakohoa. Tangawizi aliikubali, akasema angalau hiyo inapigana uso kwa uso. Mdalasini ulipita bila neno. Chungwa lilimkumbusha dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali, na alilisema hilo kwa sauti ya chini.

Halafu akafika kwenye kikombe cha mwisho. Akachota, akavuta. Mama wa birika akasogeza ndoo.

"Hakutema, dada. Nakwambia hakutema! Nimesimama na ndoo yangu, yeye amefumba macho, na shingo naiona inashuka hivi. Amemeza! Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumwona anameza. Nikadhani amepaliwa. Meneja anamwuliza, 'Vipi hiyo?' Akasema, 'Hii ni nini?' Meneja akasoma kwenye kopo, akasema yasmini. Baba yako akaweka kijiko mezani, akatoka nje, akasimama kando ya gari la mizigo akiwa ametupa mgongo. Hata mimi nililia, na sijui nililia nini."

Mimi nilijua.

Jumapili iliyofuata baba alivaa shati lililopigwa pasi, akaniomba nimsindikize kwa mama mkubwa. Njia nzima alishikilia pakiti ya karatasi kifuani. Sikuuliza iliyomo maana nilikwisha kuisikia harufu yake, na moyo ulinidunda kwa furaha ya kijinga. Nilidhani ameelewa.

Nyumba ya mama mkubwa inanuka kuanzia barabarani. Samaki, vitunguu saumu, sabuni ya waridi, na poda anayojipaka yeye kama anayejiandaa kukaangwa. Baba alipokanyaga kizingiti pua ilimcheza, akajikaza.

"Karibu, shemeji," mama mkubwa akamwambia. "Kumbe njia ya kwangu unaijua."

Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Amenenepa kidogo. Alimsalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akasogeza sinia pembeni. Baba aliweka ile pakiti mbele yake kwa mikono miwili.

"Nimekuletea kitu."

Mama akafungua. Harufu ikapanda mezani, tamu, ikakata hata ile ya samaki. Akainamisha uso, akanusa, akatulia sana.

"Nini hii?"

"Chai mpya. Ya yasmini, itaingia sokoni mwezi ujao." Baba alikuwa anaongea haraka, jambo ambalo si kawaida yake. "Mke wangu, nilipoionja nilikuona wewe vile ulivyokuja. Nikaimeza. Mimi! Muulize mama wa birika."

"Kumbe inaruhusiwa," mama akasema.

"Nini?"

"Yasmini. Kumbe inaruhusiwa, maadamu iko kwenye pakiti."

Baba akacheka kidogo, halafu akaona mimi na mama mkubwa hatucheki.

"Nilipojipaka mimi ilikuwa inaharibu kazi," mama aliendelea. Hakupandisha sauti. "Nikaacha. Nikakaanga nje kwenye mvua, nikafua kwa ile sabuni ya mche, mtoto wangu nikamwogesha uani kama mbuzi mgonjwa. Nikasema ni kazi ya mume wangu, inatulisha. Sasa kazi hiyo hiyo inawauzia wanawake wengine ile yangu, na wewe unaniletea nionje."

"Sikuwaza hivyo."

"Najua. Nikuulize jambo moja. Wewe unajua chai iliyolala karibu na sabuni. Unajua iliyochumwa kwenye baridi. Mimi mkeo nina harufu gani?"

Namjua baba yangu. Ana makosa yake yote, lakini ukimwekea kitu mbele na kumwomba aseme kilivyo, kudanganya hawezi. Ulimi unamkatalia. Nilimtazama akitafuta, akizunguka kichwani mwake kama anayetafuta funguo, na nikaomba kimya kimya aseme chochote, hata uongo.

"Huna," akasema mwishowe. "Huna harufu, mama watoto. Hata kazini huwa nakusifu kwa hilo."

Mama mkubwa akaweka mkono mdomoni.

"Nilikuwa nayo," mama akasema. "Nilikuja nayo kwako." Akaanza kuikunja ile pakiti, kona kwa kona. "Ndiyo maana nimeondoka. Nilipokuwa nimelala pale niliwaza, nikifa leo, huyu ataingia chumbani na kuuliza kama dawa imekwisha kutoka. Na wewe ukaja, ukasema bado ipo kidogo. Nenda nyumbani, baba watoto. Sina hasira. Chukua chai yako."

"Chai iache, shemeji," mama mkubwa akasema kwa sauti iliyopasuka. "Mimi sina ugomvi nayo."

Tulishika njia ya kurudi. Nilikuwa namchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Nyumbani baba aliingia chumbani, akafunga mlango. Baada ya muda nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, droo zikivutwa. Nikaogopa, nikasukuma mlango. Nguo za mama alizoziacha zilikuwa zimetandazwa kitandani, na baba amepiga magoti, anaokota gauni moja baada ya jingine na kulizika usoni. Alikuwa ananusa kikazi, macho amefumba, pumzi fupi fupi. Gauni, shuka, foronya ya mto wa upande wa mama, hata kitambaa chake cha kichwa.

"Hamna," akaniambia. "Zote hamna kitu. Iko wapi hata harufu ya jasho?"

Angeipata wapi? Zilifuliwa zote kwa sabuni aliyoitaka yeye, zikaanikwa upande alioutaka yeye, mbali na moshi wa majirani. Mtu yeyote aliyeachwa na mkewe anaweza kufungua kabati akampata kidogo. Baba yangu, mwenye pua inayosifiwa na kiwanda kizima, alikuwa amejinyima hata hicho.

Sikumfariji. Nilikwenda stoo, nikapekua nyuma ya viatu vya zamani, nikarudi na ule mfuko wa plastiki, nikamwekea mapajani. Alipofungua fundo, kafuri ililipuka chumba kizima. Mwonjaji mwingine yeyote angekimbia, maana kesho yake ilikuwa siku ya mizigo, na baba anajua dawa kama ile inavyoua pua. Akaitoa sweta ya kijani. Akaitazama. Akazika uso ndani yake, pale kwenye kola, akavuta hadi mabega yakapanda, machozi yakaanza kumtoka kwa ule ukali, akavuta tena.

"Yumo?" nikamwuliza.



"Yumo," akasema ndani ya sufu. "Chini kabisa, chini ya dawa. Lakini yumo."

Nikamwuliza ana harufu gani. Baba, mwenye neno kwa kila gunia na kila mchumba, alifungua mdomo na kuufunga, akatikisa kichwa.

Asubuhi alikwenda kazini, na mama wa birika anasema alivuta vikombe vitatu, akaweka kijiko chini na kumwambia meneja, "Leo sina pua," akavua koti. Alirudi mapema. Sweta alikuwa ameitundika chumbani, juu ya kiti cha mama, na nyumba nzima ilinuka kafuri hadi sebuleni. Dirisha hakufungua.

Mama sijamwambia arudi. Si kazi yangu, na sijui kama ningekuwa yeye ningerudi. Lakini nilikwenda kwa mama mkubwa nikamsimulia mama, tangu kabati hadi kola ya sweta, na jinsi alivyokosa neno. Alinisikiliza akichambua mchele, shingo yake ikinukia yasmini. Nilipomaliza aliendelea kuchambua hata nikadhani hataki habari hizo.

"Hiyo sweta," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia. "Ameifua?"

"Hajaifua, mama."

"Mwambie asiifue."